Panga la Mkono wa Kushoto

Siku tuliyokwenda kutembelea shato, dada yangu alivaa nguo zake za misa: kitenge cha kijani alichoshonewa kwa Pasaka, kitambaa kichwani, na viatu vyeusi vya kufunika vidole. Mimi nilivaa koti langu la makongamano, lile lenye mfuko wa ndani wa kuwekea kalamu mbili. Mwenzangu wa chuo, mwalimu wa historia, ambaye ndiye mwenye gari, alituangalia katika kioo chake cha ndani akatingisha kichwa.

“Profesa, leo unaenda kuoa wapi? Na juu ya nini unabeba dada yako kwenye ndoa?”

Uprofesa wangu ni wa utani. Nimekaa katika cheo cha msaidizi muda mrefu kiasi kwamba baadhi ya wanafunzi wangu wa kwanza sasa ni wakubwa wangu, na wananiamkia kwa huruma. Tasnifu yangu iko ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Badala ya kuimaliza, huandika insha katika jarida dogo la hapa Butembo, ambalo wasomaji wake nawajua wote kwa sura. Ndilo lililonituma. Mwenye jarida aliona tangazo kwamba shato, lile jengo la mawe lililoko kilimani kabla ya kufika Beni, limefunguliwa kwa wageni, na kwamba ndani yake kuna makumbusho mawili ya kijeshi. Akaniambia nikatembee, nitazame, niandike kitu kizuri juu ya urithi wetu. Nilikubali haraka. Napenda sana kuandika juu ya urithi, kwa sababu hakuna anayejua vya kutosha kunikosoa.

Dada yangu hakuwa na haja ya urithi. Sababu yake alinieleza wiki moja kabla, jikoni, bila kuniangalia, akimenya viazi.

Mume wake, shemeji yangu, alichukuliwa na waasi wa porini katika shamba lake la kakao upande wa Eringeti, asubuhi ya kawaida kabisa, miaka mitatu iliyopita. Waliokwenda kumtafuta walikuta baiskeli yake imelazwa kando ya njia, na lundo la matunda ya kakao, nusu yamepasuliwa, nusu bado mazima. Yeye hakuwepo. Wengine waliochukuliwa siku hiyo walionekana baadaye, wamekufa. Yeye hakuonekana, si mzima si maiti. Dada alibeba watoto akaja kukaa kwangu Butembo, na tangu hapo hajulikani kama ni mke au ni mjane.

Kwetu, mtu aliyepotea bila maiti hazikwi hivihivi. Hukatwa shina la mgomba, likapimwa urefu wa mtu mwenyewe, likafunikwa shuka, likalazwa kaburini mahali pake. Lakini wakubwa wa ukoo wa shemeji hawakubali mgomba mtupu. Lazima shina lifungiwe kitu alichochukuliwa nacho mtu siku ile aliyopotea. Nguo zilizobaki nyumbani hazifai, wala baiskeli iliyoachwa njiani. Hivyo, wanasema, ni vya mtu aliyetoka na atakayerudi. Kinatakiwa kitu kilichokwenda naye kikarudi peke yake. Bila hicho, ni kumzika mtu aliye hai, na siku akirudi hatakuwa na mlango wa kuingilia. Mimi, mwenye shahada mbili, niliwahi kuwaeleza kwamba hiyo ni desturi tu, haina ushahidi wowote. Walinisikiliza kwa adabu, kisha mkubwa wao akaniuliza shahada zangu zinasema ndugu yake yuko wapi.

Basi miaka mitatu hapakuwa na kaburi, wala matanga, wala misa ya wafu. Padri, mtu mwema, alikuwa akimtaja shemeji katika maombi ya wasafiri.

“Mudogo,” dada aliniambia siku ile ya viazi, “yule mama jirani yetu wa Eringeti alienda mu shato na bana-kwaya. Anasema chumba moja imejaa bintu bilitoka mu pori. Masufuria, raba, mapanga, simu. Banafunga karatasi kwa kila kitu. Labda mule kuko kitu ya baba batoto. Hata kiatu. Hata kifungo.”

“Na ukikuta?”

“Nikikuta, minaomba. Banipatie. Tunafunga ku mugomba, tunazika.” Akaweka kisu chini. “Miye minataka kulia mara moja, nimalize.”

Nilimwambia tutakwenda pamoja. Niliongeza, kwa ile sauti yangu ya darasani, kwamba asiweke matumaini makubwa.

Barabara ya kwenda Beni tunaijua kama watu wanavyojua ngazi za nyumba yao: unajua pa kukanyaga na pa kuruka. Tulipita Kalunguta, mashamba ya mihogo na migomba pande zote mbili, akina mama na vikapu mgongoni, kamba juu ya paji la uso. Kwenye kizuizi tulishuka, tukaonyesha kadi za mpiga kura, tukapanda tena. Mwalimu wa historia alituhadithia njia nzima habari ya shato. Lilijengwa na mzungu mmoja wa kahawa zamani za ukoloni, kwa mawe yaliyopandishwa kilimani vichwani mwa babu zetu. Aliweka minara miwili kama ya ngome za kwao, ingawa hapakuwa na mtu yeyote wa kumshambulia. Wa kumshambulia walikuja baadaye, yeye akiwa ameshaondoka zamani. Toka hapo kila kundi lililopita na bunduki liliona ile minara likalala humo, na kila kundi lilibomoa kidogo likipika.

“Donc,” alimalizia, “ni nyumba ya mutu aliyeogopa bure, ikarithiwa na batu banaoogopwa kwa haki.”

Nilitoa kalamu nikaandika hiyo sentensi, kwa nia ya kuifanya yangu.

Dada alikuwa ameketi nyuma. Juu ya mapaja yake alishika mkoba mkubwa mtupu, wa kubebea vitu vya sokoni.

Shato lenyewe ni dogo kuliko sifa zake. Mnara mmoja umefunikwa kwa mabati, mwingine umeota majani. Mlangoni alitupokea luteni mmoja mrefu, mwembamba, wa makamo kama mimi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Alikuwa ametoka mkoa wa mbali, upande wa magharibi, na Kiswahili chake kilikuwa kile wanachojifunza askari wakiwa njiani.

“Karibuni, batu ya Butembo. Mutu anaweza kuuliza, anaweza kucheka. Kugusa, te, hapana. Mama, malembe, pole pole, ngazi iko mubaya.”

Akamshika dada kiwiko akamsaidia kupanda. Tulipouliza ni nani aliyeandika zile karatasi za maelezo, kwa mwandiko wa duara usiokuwa na kosa, alijibu kwa haya kwamba ni yeye. Kabla ya kuingia jeshini alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Tulipeana mkono mara ya pili. Katika dakika chache tukawa tunazungumza juu ya chaki, na juu ya wakaguzi, na juu ya watoto wanaoandika kwa kubana ulimi katikati ya meno. Nilimpenda. Nasema hivyo kwa sababu ya yaliyofuata: kama angekuwa mtu mbaya, ningekuwa na wa kumlaumu.

Chumba cha kwanza kilikuwa cha vita vya kale. Kulikuwa na kofia nyekundu za askari wa ukoloni zilizoliwa na nondo, tarumbeta iliyopondeka, picha za vijana wa Kikongo wakiwa wamesimama wima mbele ya mzungu aliyeketi. Kulikuwa pia na mjeledi wa ngozi ya kiboko, na chini yake karatasi: “Chombo cha nidhamu.” Mwalimu wa historia alianza kubishana na luteni juu ya umri wa bunduki moja, wakafurahi wote wawili. Mimi niliandika, niliandika. Nilikwisha kupata hata mwanzo wa insha, mzuri, wenye kejeli kidogo na huzuni kidogo, kama wanavyopenda wasomaji wangu wachache.

Dada hakusimama hapo. Alivuka kile chumba kama mtu anayevuka ua wa jirani, akaingia cha pili.

Nilipomfuata nilimkuta amesimama mbele ya ukuta. Luteni alikuwa amevipanga vitu kwa utaratibu wa mwalimu: masufuria kwa ukubwa, viatu kwa jozi, na vile visivyo na jozi upande wao. Meza moja ilikuwa na vitabu vya sala vilivyolowa vikakauka. Ukutani kulikuwa na mapanga, mengi, yamening'inizwa kwa misumari, ncha chini, kila moja na namba yake. Juu yake karatasi kubwa: “Silaha za adui.”

Dada alinivuta mkono wa koti.

“Njo ile. Iko yake.”

“Gani?”

“Ya tatu, toka dirisha.”

Niliangalia la tatu toka dirishani. Lilikuwa panga. La pili pia lilikuwa panga, na la nne. Nilimwambia, polepole, kwa upole ule wa kijinga, kwamba mapanga yote hununuliwa kwenye duka moja.

“Angalia makali,” alisema. “Haya ingine yote yananolewa upande huu. Ile iko nanolewa upande ule.”

Ndipo nikaona. Shemeji alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Panga la mtu wa kushoto hunolewa upande usio wa watu wengine, maana ukilishika kwa mkono wa kulia na kupiga tunda la kakao, linateleza, linakukimbia. Majirani wa shambani walimtania kwa hilo miaka yote. Walisema yeye ndiye mkulima pekee wa Eringeti ambaye hawezi kuibiwa chombo, kwa sababu mwizi atajikata. Na mpini ulikuwa umefungwa kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, umezungushwa kwenda kushoto, na mwishoni waya mwembamba wa shaba. Ule waya nilimpa mimi.

Dada hakulia. Uso wake ulilegea tu, ukawa uso wa mtu aliyetua mzigo mlangoni kwake na sasa anangoja apewe maji. Sikuwa nimeuona uso huo miaka mitatu.

“Muombe yule luteni,” alininong'oneza. “Mwambie ni juu ya matanga. Pole pole tu. Usiongee mingi.”

Nataka kueleza vizuri nilichofanya baada ya hapo, kwa kuwa nilikifanya kwa akili zangu zote.

Nilifikiri hivi: neno la mdomo hujibiwa kwa mdomo. Nikimwomba, atasema hapana, nami sitakuwa na kitu mkononi. Lakini ombi lililoandikwa, lenye tarehe na saini, lazima lijibiwe kwa maandishi, na likikataliwa naweza kulipeleka kwa mkubwa wake. Hivi ndivyo tulivyofundishwa sisi tuliosoma nchini hapa. Hatuwezi kuomba hata likizo ya msiba bila karatasi yenye kichwa, kiini na hitimisho. Na pale mlangoni, juu ya meza yenye kitambaa kilichofumwa, kulikuwa na kitabu cha wageni, kikubwa, cha jalada gumu. Wageni waliotangulia walikuwa wameandika “Asante sana” na “Mungu abariki nchi yetu”. Mimi niliketi, nikatoa kalamu ile ya makongamano, nikaandika nusu ukurasa kwa Kifaransa.

Niliandika kwamba panga namba kumi na saba, lililoonyeshwa kama silaha ya adui, kwa kweli ni mali ya shemeji yangu. Kwamba jambo hilo linathibitishwa na jinsi lilivyonolewa, na mpini wake, na ushuhuda wa mke wake aliye hapa. Kwamba naomba kwa heshima lirudishwe kwa familia. Niliandika jina lake kamili, langu, na la dada, kijiji, na namba yangu ya simu. Nilipiga mstari chini ya neno “mali”. Nilisoma tena, nikabadilisha koma moja. Niliridhika. Muulizeni mtu yeyote anayeandika: hata katika shida, sentensi ikikaa vizuri, mtu anaridhika.

Kisha nikamwita luteni.

“Maandishi muzuri, Papa,” alisema kwanza, akitabasamu, kidole chake kikifuata mistari. Kidole kikapunguza mwendo. Kikarudi juu, kikaanza upya. Alipomaliza mara ya pili alikwenda akafunga mlango.

“Papa. Hii umeandika, una hakika?”

“Kabisa,” nilisema.

Alitoa kitabu kingine kutoka kwenye kabati, akafungua mahali pa namba kumi na saba, akanigeuzia. Mwandiko ule ule wa duara. Panga moja, limetolewa mkononi mwa adui aliyeuawa katika mapigano. Mahali palipotajwa ni mbali sana na shamba la shemeji.

“Bila shaka,” nilisema. “Walimnyang'anya.”

“Nani aliona banamunyang'anya?”

Walioona ndio waliokufa.

“Papa, angalia.” Akanionyesha karatasi nyingine, fomu iliyochapishwa, na chini yake visanduku viwili vidogo vya kutia alama. “Kama mutu anakuja anasema hii silaha iko ya mutu wangu, miye ni lazima nijaze hii. Nafasi iko mbili. Ya kwanza: mwenye silaha njo adui. Ya pili: mwenye silaha alimupatia adui. Ya tatu hapana.”

“Mais ya tatu njo ukweli!”

“Minajua,” alisema, kwa sauti ya chini. “Minajua, Papa. Hapana miye nilitengeneza formulaire.”

Alinieleza kama mwalimu anavyomweleza mzazi. Kitabu cha wageni huenda ofisini Beni kila mwisho wa mwezi. Kule wanasoma kila ukurasa. Jina la shemeji litaingia katika orodha, katika mojawapo ya visanduku viwili. Dada ataitwa. Wakubwa wa ukoo wataitwa. Watoto watakua wakiwa watoto wa jina lililoko kwenye orodha, katika nchi ambamo kila kizuizi barabarani kinauliza jina la baba.

“Toa ukurasa,” nilisema. “Uchane.”

Akafungua kitabu tena, akaniwekea kidole pembeni. Kurasa zote zilikuwa na namba, na kila moja ilikuwa na muhuri.

“Juu ya nini hukuniambia kwa mudomo?” aliuliza. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. “Ungenivuta pembeni. Ungesema, luteni, mama huyu anatafuta kitu ya kufanyia matanga. Mapanga iko mingi pale. Miye pia niko na mama ku kwetu. Ningeingia mule, ningesahau kuhesabu.”

Nimesoma vitabu vingi ambamo mtu anasema alitamani ardhi ipasuke immeze. Mimi nilitamani tu kutojua kuandika.

Tuliutazama ule ukurasa, wanaume wawili wa chaki. Ni yeye aliyepata njia, kama njia ilikuwa ndiyo ile. Maandishi, alisema, hufutwa na maandishi. Kama mke mwenyewe akiangalia lile panga na kusema si la mume wake, na akatia saini, basi yaliyo juu yatakuwa makosa ya mgeni, na hakuna fomu ya kujaza.

Nilikwenda kumwita dada. Alikuwa bado amesimama mbele ya ukuta, amekwisha kufungua mkoba. Nilimweleza pale pale, kwa maneno machache kuliko niliyowahi kutumia juu ya jambo lolote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Uliandika?” alisema.

“Niliandika.”

“Na jina yake?”

“Na jina lake.”

Alifunga mkoba.

Luteni aliingia, akasimama juu ya kiti, akatungua namba kumi na saba. Utaratibu ulidai shahidi akishike kitu mkononi, akiangalie pande zote. Alimkabidhi dada kwa mikono miwili, kama unavyompa mtu mtoto. Mwalimu wa historia, aliyekuwa ameanza kuelewa, alivua kofia.

Dada aliligeuza. Alipitisha kidole gumba juu ya mpira wa mpini, akafuata ule mzunguko wa kushoto mpaka kwenye waya. Aliangalia makali. Alilishika kama mtu anayepima uzito wa kitu sokoni. Sijui ilichukua muda gani.

“Mama, hii iko ya bwana yako?”

“Hapana.”

“Ndugu yako aliandika iko yake.”

“Ndugu yangu?” Akacheka, kicheko kifupi ambacho mtu asiyemjua angekiamini. “Luteni, ndugu yangu ni mutu ya bitabu. Tangu azaliwe hajalima hata mustari moja ya maharagwe. Kwake mapanga yote ni moja. Ukimuonyesha jembe atasema ni kijiko.”

Mwalimu wa historia alicheka kwa nguvu kupita kiasi, akakohoa. Luteni pia alitabasamu, akiangalia chini.

“Na ya bwana yako ilikuwa je?”

“Ilikuwa mupya. Mupini mweupe, ya muti. Hapana na mpira.” Akamrudishia. “Hii mutu alikuwa ananoa mubaya.”

Luteni aliandika hayo chini ya maneno yangu, kwa mwandiko wake wa duara: mke amekiona kitu na amekikana. Dada alitia saini. Huandika jina lake taratibu, herufi moja moja, kama alivyofundishwa na masista, na hakuharakisha. Kisha ikawa zamu yangu. Nilitakiwa kuandika kwamba nilikosea. Niliandika neno moja, “Nilikosea,” na tarehe. Sikuwa na cha kuongeza.

“Wasingya, Mama,” luteni alimwambia dada. Shukrani hiyo ya Kinande ndiyo labda neno pekee la lugha yetu alilolijua. Alipanda tena juu ya kiti, akatafuta msumari.

Nje kulikuwa na mwanga mzuri na upepo. Toka pale kilimani unaona mbali sana, mpaka kule ambako misitu inaanza na mashamba yanaisha. Mwalimu wa historia aliuliza kama tunataka kupanda mnara. Tukaingia garini.

Mimi, ambaye kunyamaza kunanishinda, ndiye niliyeanza.

“Yaya,” nilimwambia dada, “nisamehe.”

“Nikusamehe nini? Uliandika kweli.”

“Luteni atabadilishwa siku moja. Atakuja mwingine. Tutarudi, safari hii bila karatasi, tutamwambia…”

“Mudogo, nyamaza. Nimetia saini.”

Alisema kweli. Kitu ambacho mke amekikana kwa saini, mbele ya muhuri, hakiwezi kuwa cha mume wake tena, hata kikiletwa mlangoni. Nilianza, ndani ya kichwa, kufuata lile panga kutoka shambani mpaka mkononi mwa yule aliyeuawa nalo. Kulikuwa na miezi mingi katikati, na vijiji vingi. Nadhani niliguna, kwa sababu dada aliinama mbele akaweka mkono begani kwangu, kwa nguvu.

“Na usifikirie ile mupanga ilifanya nini kisha yeye kukamatwa,” alisema. “Wala usiandike.”

La kwanza limenishinda, na la pili mnaona.

Tulikuwa tumevuka Kalunguta simu ya dada ilipolia. Alikuwa mkubwa wa ukoo, kaka wa shemeji, yule aliyeniuliza juu ya shahada zangu. Alikuwa amengoja tangu asubuhi. Sauti yake ni ya mtu asiyesikia vizuri, basi sote tulimsikia.

“Muliona kitu?”

Dada alinyoosha mgongo, akarekebisha kitambaa kichwani kana kwamba mzee anamwona.

“Hapana, Tata. Tuliona bintu mingi. Lakini ya batu bengine.”

“Hata kiatu?”

“Hata kiatu.”

Simu ilivuma kidogo. Nilimwangalia mwalimu wa historia. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, macho barabarani. Mzee aliguna, na katika mguno huo, Mungu anisamehe, nilisikia furaha kidogo. Ndugu yake alikuwa bado hajafa.

“Basi ni vizuri,” alisema. “Usikate tamaa, muke wetu. Pengine yuko hai. Tungoje.”

“Ndiyo, Tata,” dada yangu alisema. “Tungoje.”